Samaki wa Malsun Hafungi Mdomo

Mvua ya kiangazi ikikaa siku tisa, mji mzima wa Daegu unalegea, na sisi wa benchi la ghorofa ya pili ya soko, upande wa vitambaa, tunabaki na kazi moja: kunywa kahawa ya pakiti kwenye vikombe vya karatasi na kuwasema watu. Mimi nauza zipu, basi jina langu Zipu. Mzee Tak wa vifungo tulimpa uprofesa kwa sababu anasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Bi Bongnyeo wa nyuzi tunamwita Mkasi, na aliyewahi kukaa naye anajua kwa nini. Asubuhi hiyo wa kusemwa alikuwa Pyo Malsun. Miaka thelathini alimshonea Bi Ma, mwenye duka la mapambo, maua ya meza na mashada ya mlangoni, na siku hiyo saa sita alikuwa anafungua kibanda chake mwenyewe, hatua nne kutoka benchi letu. Alikuwa juu ya stuli, anatundika shada la kitambaa, na katikati ya shada samaki mkavu wa kitambaa, kafungwa uzi mweupe, macho kodo, mdomo wazi, wa kuifukuza balaa isiingie dukani. Kila kibanda hapa kina samaki wake. Sisi sote wetu tuliwanunua kwa Bi Ma.

— Malsun, Profesa akaanza, huyo umemkazia na nini kwa ndani?

— Kwani ana nini?

— Amesimama mno. Samaki wa Bi Ma huwa mpole kidogo.

— Si mpole, amelegea. Bi Ma anaweka kile kitambaa chembamba cha gundi, unakipiga pasi kinashika. Mvua ikija gundi inaachia. Nilimwambia mwaka wa kwanza tu. Akanijibu, Malsun, mkono wako ni wa sindano, kuchagua niachie mimi.

— Na ulimwachia, Mkasi akasema.

— Miaka thelathini. Imetosha.

Mkasi akapuliza kahawa yake.

— Mimi ningeweka sponji ya sidiria. Haijawahi kumwangusha mtu.

— Ilikuangusha wewe kwenye harusi ya mpwa wako, nikamkumbusha. Utepe wa zipu ndiyo mambo. Unauzungusha shada zima.

— Zipu gani, bwana, Profesa akasema. Filamu ya eksirei. Ninayo ya goti langu, ngumu kama sahani.

— Goti lako linapanda ngazi kwa kulia, nikamwambia, likalinde duka la mtu?

Malsun akashuka kwenye stuli, akajifuta mikono.

— Nimeweka sambe.

Sambe ni kile kitambaa cha nyuzi ngumu tunachowavalisha maiti wetu.

— Umesemaje? Mkasi akauliza.

— Sambe. Nimekipaka uji wa mchele, kikakauka, nikakishona kwa mkono bila gundi. Kwenye shada tabaka moja, lipinde vizuri. Kwenye mdomo mbili, usijifunge. Hata yale maua ya mezani pale ndani, petali zote zina sambe.

— Mama wee, Mkasi akasema. Nguo ya kaburini, siku ya kufungua duka.

— Kuna mtu kule Uiseong, Profesa akasema, alitia sambe kwenye kofia. Wateja wakawa wanamwinamia mara mbili mbili, kama tunavyomwinamia marehemu.

— Ulimwona? nikamuuliza.

— Nilisimuliwa. Na duka likawa na usingizi. Mtu anaingia kununua, anapiga miayo, anaondoka.

— Na mkojo wa paka, Mkasi akaongeza. Paka wote wa mtaa watahamia hapa, wananusa mauti. Malsun, mwanangu, itoe hiyo sambe. Bado saa nzima. Nenda kwa Bi Ma, atakupa kile kitambaa chake cha gundi hata bure.

— Siendi.

— Basi usiseme. Mteja akiuliza, sema ni pamba.

— Nikidanganya kuhusu kitu cha kwanza nilichochagua mwenyewe, kwa nini nilitoka kwa Bi Ma? Mama yangu alinilaza juu ya sambe kila kiangazi, maana inapoza mwili. Sikufa hata mara moja.

Nakiri niliogopa kwa niaba yake. Soko hili maneno yanapanda ngazi kabla ya mtu. Hapo hapo akatokea mwanamke asiye wa hapa, mwavuli unachuruzika. Alhamisi anafungua duka la tambi, akasema, anatafuta shada. Akalishika la Malsun, akabonyeza mdomo wa samaki. Ukarudi pale pale.

— Ndani umeweka nini, dada?

Mkasi akakohoa. Profesa akatikisa kichwa kwa nguvu, mara mbili. Malsun alituona.

— Sambe, akasema. Ile ya kuvalisha maiti. Kama hutaki, nitakuelewa, lakini kingine sitaweka.

Mwanamke akageuka, akatazama kibanda cha Profesa, cha Mkasi, na changu. Samaki watatu, mashada yamekunjamana, vichwa vimeinama, midomo imefumba.

— Na hawa wengine, akatuuliza, mbona wamelala kazini?

Profesa akachungulia kikombe chake. Mkasi akaenda kumnyanyua samaki wake kichwa, na mimi nilijifanya nahesabu zipu. Malsun akachomoa utepe wa kupimia shingoni.

— Mlango wako una upana gani? akamuuliza yule mwanamke.