Siku Mama Irudiwe Alipogonga Mhuri Kitabu cha Watu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya utumishi uliotukuka wa miaka thelathini na mitatu na miezi minne, Mkaguzi Mkuu wa Kazi katika kiwanda chetu cha uchapaji anastaafu kwa mujibu wa sheria. Kwa kipindi hicho chote ameonyesha bidii, uadilifu na moyo wa ushirikiano, na uongozi unamshukuru kwa mchango wake katika kulikuza jina la kiwanda.

Aya hiyo ni ya Meneja. Simaanishi kwamba ameiandika yeye. Nimeiandika mimi kwa ajili yake, kwa sababu jarida letu la wafanyakazi yeye hulisoma aya ya kwanza tu, kisha hulitumia kufunikia kikombe cha chai. Huku chini tumebaki sisi kwa sisi, tunaweza kuongea.

Jina lake la kwenye orodha ya mishahara hakuna anayelikumbuka. Ni Mama Irudiwe. Chumba chake cha ukaguzi kiko kati ya mashine kubwa na stoo, kina meza moja, taa ya kuvuta kwa kamba na kioo cha kukuzia chenye ufa pembeni. Kila kazi ilipita hapo kabla ya kumfikia mteja: madaftari ya shule, vitabu vya risiti, kadi za harusi, kalenda. Kazi nzuri aliipitisha bila neno. Kazi mbaya aliigonga mhuri wa wino wa zambarau wenye neno moja, IRUDIWE, na kishindo chake kilisikika mpaka kwenye mashine namba mbili. Mashine namba mbili ni yangu. Sidhani kama yuko binadamu aliyegongewa mhuri ule mara nyingi kuliko mimi.

Aliwahi kuirudisha kadi ya harusi kwa sababu njiwa wa kushoto alikuwa mnene kuliko wa kulia. Bwana harusi akaja mwenyewe kusema kwamba yeye hajali habari za njiwa. Mama Irudiwe akamuuliza kama bibi harusi anajua kwamba anaolewa na mtu wa namna hiyo, akamwonyesha benchi. Bwana harusi akakaa akasubiri njiwa wapunguzwe. Mwaka mwingine tulimfichia mhuri kwa utani, na tangu siku hiyo akawa anaondoka nao kila jioni ndani ya mkoba, na hata likizo alikwenda nao. Tulicheka sana. Kumbe tulikuwa tunajitafutia makubwa, kama mtakavyoona.

Alikuwa na dharau, tusifichane. Lakini alimdharau kila mtu kwa kiasi kile kile, kuanzia mfagiaji hadi Meneja, na alikudharau baada ya kuikagua kazi yako kwanza. Meneja wetu yeye hudharau kabla ya kuangalia, na hilo limemponza, nitaeleza.

Wageni hapa hawajui kwamba mumewe alikuwa fundi wetu wa mashine ya kukatia karatasi. Mtu wa maneno mengi, mpiga mluzi, mwenye mikono mizuri kuliko mtu yeyote humu ndani. Miaka kumi na minne iliyopita, msimu wa kalenda ulipopamba moto, Meneja aliamuru kinga ya mashine ile, ile inayozuia mkono usifike kwenye kisu, ifunguliwe, kwa madai kwamba kila ikishuka inachelewesha kazi. Siku ya tatu mashine ikachukua vidole viwili vya mkono wa kulia wa yule fundi. Kwenye daftari la ajali pakaandikwa "uzembe wa mfanyakazi". Chini yake kuna sahihi ya Meneja, na chini ya Meneja kuna sahihi ya shahidi.

Shahidi ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, kibarua, na niliambiwa nikisaini nitaajiriwa. Nikasaini, nikaajiriwa. Niliogopa, na mpaka leo naona aibu. Yule fundi alipelekwa nyumbani na saa ya ukutani ya shukrani, akaishi miaka minane akiitwa mzembe kwa maandishi, akafa kwa ugonjwa wa sukari.

Mkewe hakuniambia neno. Aliendelea kunigongea mhuri kama kawaida, hakuzidisha, hakupunguza. Ningefurahi kama angezidisha.

Nilichogundua baadaye ni kwamba anachora. Siku moja nilimpelekea karatasi za majaribio nikakuta ametoka, na mezani kuna faili la kahawia limeachwa wazi. Lilikuwa kitabu kizima cha katuni, kurasa arobaini na nane, kwa penseli na wino, nyuma ya karatasi zetu zilizoharibika. Kilikuwa kisa cha mumewe, tangu siku alipoajiriwa hadi siku ya kinga na miaka iliyofuata. Na kila ukurasa wenye mkono wake wa kulia ulikuwa umegongwa IRUDIWE, mingine mara saba au nane. Mwenyewe aliponikuta nimesimama pale, hakupandisha sauti. "Umeshaona, basi," alisema. "Kinakwama kwenye mkono. Mkono si wake. Ukikaa sawa kabla sijastaafu, nitakichapa hapa hapa ilipoandikwa ile takataka ya uzembe. Usipokaa, nitakichoma." Nilijua hatanii. Amewahi kuchoma kalenda elfu mbili.

Ndipo ikaja Jumamosi ya mwisho ya Juni mwaka jana. Meneja alisikia kwamba kuna tamasha la katuni huru, la wachoraji wanaojichapishia wenyewe, na akatutuma sisi wawili tukagawe vipeperushi vya kiwanda. Alisema ni watoto wanaochora vikaragosi, ila hata watoto wanahitaji kuchapa.

Ukumbi ni wa kufanyia mitihani, wenye madirisha ya juu na viti vya plastiki. Meza zilizunguka ukuta, kila mchoraji na meza yake. Niseme ukweli, sijawahi kuona watu wengi namna ile wakijiandaa kufanya kitu. Theluthi nzima walikuwa wanauza vibandiko na vishikio vya funguo. Kitabu chenyewe, walisema, kiko njiani. Jamaa mmoja aliyevaa miwani ya jua humo humo ndani alitueleza kwa dakika ishirini habari za ulimwengu aliouumba, wenye falme kumi na mbili na lugha zake. Tulipoomba kuuona alisema bado yuko kwenye ramani. Jukwaani watu wanne wenye vipaza sauti walikuwa wanajadili mustakabali wa katuni, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeshika penseli tangu amalize shule. Wachoraji wenyewe walikumbatiana wakiitana wakali, na kila aliyegeuka akasengenywa kabla hajafika meza ya pili. Nilijisikia niko kazini.

Mama Irudiwe alipita meza moja moja na kioo chake. Alipindua, akanusa wino, akavuta pini, akarudisha. Hakusema kitu chochote zaidi ya "mh".

Meza ya mwisho, karibu na mlango wa choo, ilikuwa ya muuguzi wa makamo aliyetoka zamu na viatu vyake vya wodini. Kitabu chake kilikuwa cha visa vya wodi, kimetolewa fotokopi, pini zimepigwa upande, na ukurasa wa sita umekaa kichwa chini. Lakini pale ndipo palipokuwa na foleni. Watu walikuwa wanasoma wamesimama, wanacheka peke yao, na mama mmoja alikuwa anafuta macho kwa mtandio. Mama Irudiwe akachukua nakala moja. Akaipindua. Akafika ukurasa wa sita. Mkono ukaingia kwenye mkoba, na kabla sijamwahi, jalada la kitabu cha watu likagongwa IRUDIWE, kishindo kikajaa ukumbi mzima.

Foleni nzima ikageuka kutazama. Yeye mwenyewe alibaki na mhuri hewani, amepauka. Hakukusudia. Miaka yote ile, kitu chenye kurasa kikiingia mkononi mwake mkono unajua la kufanya. Alianza kuomba radhi, jambo ambalo hakuwa na mazoezi nalo.

Muuguzi aliliangalia jalada, kisha akamwangalia yeye. "Nimeshakirudia mara nane, mama," alisema. "Hiki ndicho kilichokubali kuzaliwa." Halafu akacheka. Mtu wa pili kwenye foleni akasema na yeye anataka chenye mhuri. Wa tatu naye hivyo hivyo. Kufikia saa saba mchana Mama Irudiwe alikuwa amewekewa kiti nyuma ya meza, anagonga jalada moja baada ya jingine kwa maombi ya wateja, na vipeperushi vyetu tumevikalia.

Huyu mama hajui kukaa na mtu bila kumkosoa. Alimwambia muuguzi kwamba mikono anayochora ni mibaya, vidole kama ndizi. Muuguzi akakubali. "Najua. Ila kila mgonjwa wangu akipita hapa anajitambua." Jibu hilo lilimkaa. Akafanya kitu ambacho sikukitegemea: akatoa mkobani lile faili la kahawia na kuliweka mezani mbele ya mgeni.

Muuguzi alisoma toka mwanzo mpaka mwisho, foleni ikingoja. Alirudi katikati, akasoma tena. Mimi nilikuwa natazama kiatu changu. Mwishoni alimwambia kwamba kwa miaka ishirini amefunga vidonda vya watu wa mashine, na akaweka kidole kwenye picha ya yule fundi akiwa amekaa nyumbani, saa ya ukutani nyuma yake. "Hebu hesabu, mama."

Mama Irudiwe alihesabu vidole. Vitano. Akafunua ukurasa uliofuata, mume anafunga vifungo vya shati, vitano. Anakunywa chai, vitano. Kurasa zote za baada ya ajali alikuwa amemrudishia vidole vyake, kisha akaukataa mkono kwa kuwa si wake, miaka mitano mfululizo, na kioo cha kukuzia mkononi. Mkaguzi aliyeona unene wa njiwa hakuliona hilo. Alilia pale pale, kwa sauti, na muuguzi akahamisha kiti akakaa kati yake na watu. Mimi pia nilikuwa nimeziona zile kurasa na sikuhesabu. Nadhani na mimi nilipenda viwe vitano.

Mwaka mzima alichora upya, wakati wa chakula cha mchana, mlango wazi. Vidole vitatu. Kila Jumapili muuguzi alikwenda kwake kumwonyesha jinsi mkono wa namna ile unavyoshika kikombe, unavyobisha mlango, unavyomshika mjukuu. Kwa malipo, muuguzi alifundishwa kupanga kurasa.

Mwezi huu wa Juni, tarehe tatu, alijaza fomu ya kazi kama mteja yeyote: kitabu cha katuni, kurasa arobaini na nane, nakala mia tatu. Akaipeleka kwa Meneja. Meneja alicheka. Alisema vikaragosi vya bibi havina madhara, kiwanda kivichape kama zawadi ya kustaafu, akasaini bila kufungua faili. Kwa hiyo kisa cha kinga iliyofunguliwa, na cha aliyeamuru ifunguliwe, kimechapwa kwa idhini yake, kwa karatasi yetu bora, na jalada la mbele limeandikwa kwamba ni zawadi ya uongozi. Hakuna aliyemlazimisha. Angefungua ukurasa mmoja tu angeona kitambi chake.

Kazi ilikuja kwenye mashine namba mbili. Ukurasa wa thelathini na moja nilizima mashine. Kuna kijana pale, shingo nyembamba, masikio yangu, amebana kalamu anasaini daftari. Hakuna maneno chini ya picha. Nilipoinua macho nilimwona Mama Irudiwe amesimama mlangoni kwake. Ningeweza kuikwaruza sahani ya kuchapia, wino ukavuja, ukurasa ukawa doa, na tungeilaumu mashine. "Ukiona kasoro, sema," aliniambia. Nikasema hakuna kasoro. Nikawasha, nikazitoa zote mia tatu, na ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kuchapa. Kesho yake asubuhi nilikwenda ofisi ya kazi ya serikali kuandika maelezo mapya ya shahidi. Wameyapokea, wamenipa namba.

Sasa kuhusu sherehe. Meneja ameipanga Jumamosi hii saa nne, bwalo la chakula, na ametayarisha hotuba na saa ya ukutani. Mhusika aliandika mara mbili kumjulisha kwamba siku hiyo ana shughuli. Barua zote mbili zinaonekana zimefunikia kikombe. Kwa hiyo hotuba itasomwa kwa kiti kitupu. Mama Irudiwe atakuwa kwenye tamasha la katuni huru, meza ya mwisho karibu na mlango wa choo, yeye upande mmoja na muuguzi upande mwingine. Anayetaka kumuaga aende huko, apange foleni kama wengine, na asome ndipo aongee. Idara ya kufunga vitabu inakwenda yote. Mashine namba mbili imezimwa.

Asante, Mama, kwa kazi zetu zote ulizozikataa. Uwe na afya, uwe na wino, ukae na wajukuu, uchore unachotaka na umdharau unayetaka. Na ukurasa wa thelathini na moja uache kama ulivyo, hata siku nikija mwenyewe kukuomba uubadilishe.