Kitufe cha Hapana

Benchi letu liko mbele ya mkahawa wa Evanthia, hapa Volos, pale upepo wa bandari unapokata kona ukitafuta kofia ya kung'oa. Thrasos tunamwita Profesa: alikuwa fundi wa lifti, kwa hiyo anajua yote yapandayo na yashukayo. Mimi ni Nahodha. Nimezunguka bandari za dunia nzima, nikimenya viazi jikoni mwa meli. Stergios, karani wa ushirika wa zeituni, tulikuwa tukimwita Bwana Harusi, mpaka Argyro, mkewe, alipofariki. Tangu hapo ni Stergios tu. Ijumaa hiyo mchana alikuja akaagiza kahawa chungu, yeye ambaye huinywa kama sharubati.

— Jumatatu wanazima makro zote ofisini.

— Makro ndo nini? nikauliza.

— Amri ndogo zinazokaa ndani ya faili, Nahodha. Ukilifungua tu, zinafanya kazi zenyewe. Eti zinaingiza virusi. Sasa kila hati inahamia kwenye XML.

— Hiyo naijua! Profesa akadakia. Ni kama rafu ya Evanthia: kila kopo na kibandiko chake, hii sukari, hii chumvi. Maandishi matupu. Hakuna kopo linalojipikia.

— Afadhali, nikasema. Mimi kopo likijipikia nakimbia.

— Cheka tu! Leo wanabandika makopo, kesho serikali kule Athens inajua nani ana zeituni ngapi, keshokutwa kibandiko kiko kwenye paji lako. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe!

— Mwana gani hapo, mzee?

— We subiri.

— Mi nasema hii ni njama ya wauza mafuta ya alizeti, nikaongeza, nisije nikapitwa.

Stergios hakucheka.

— Argyro aliweka makro moja kwenye faili la barua zangu. Nikilifungua mchana inatokea: "Stergios, umekula?" Chini kuna vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Bila kubonyeza kimoja, barua haifunguki.

Mwanamke yule alikuwa akinifungia hata mimi pai ya mchicha na jibini, akidai meli zimenikondesha, wakati kwa kitambi nilichokuwa nacho viatu vyangu nilikuwa navisikia tu, sivioni.

— Si uwaombe waihamishe? nikasema.

— Nimemwomba fundi wa kompyuta. Akaniambia, "Mzee Stergios, maneno nitayatunza. Yatakaa ndani ya faili, na kibandiko chake." Nikamjibu, yatakaa, ila hayataniuliza.

— Basi aifungue, asome Argyro alivyoitengeneza! Profesa akasema. Mficha uchi hazai!

— Aliifunga kwa neno la siri. Hakumwambia mtu.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja tusiyemjua, na mfuko wa machungwa mapajani, akisubiri basi la kwenda milimani. Akageuka.

— Samahani, kaka. Ukibonyeza Hapana, inasema nini?

Stergios akamtazama. Kisha akanitazama mimi, kana kwamba niliwahi kuipita bandari hiyo.

— Sijui, dada. Mi kila siku nabonyeza Ndiyo.

— Hata ukiwa hujala?

— Hasa nikiwa sijala. Asije akaingiwa na wasiwasi.

Mimi nilijifanya nachungulia makapi ya kahawa kikombeni, kama bibi zetu walivyosoma bahati, nikaona makapi.

Ndipo Evanthia akatoka na sahani ya dengu inayofuka moshi, kipande cha mkate pembeni.

— Stergios, kula kabla haijapoa. Ya kwako hiyo.

Yeye alikuwa amekwishasimama, anapapasa mfuko wa koti akitafuta funguo za ofisi.

— Irudishe, Evanthia, akasema. Nataka nifike kule sijala.