Mama Akai na Daftari la Ramani za Visima

Tarehe 30 Juni 1988, Mama Akai Lokorio anastaafu baada ya miaka kumi na saba akiwa karani wa ramani katika mradi wetu wa visima hapa Isiolo.

Alipofika tulikuwa na ramani moja ya visima, na kila mmoja wetu alikuwa na nakala aliyoirekebisha alivyojua. Mama Akai akafungua daftari. Anayebadilisha ramani aandike jina, tarehe, amebadilisha nini na kwa nini. Kila nakala ipewe nambari, na ya zamani isitupwe.

Jarso, mchoraji mwenzangu, alicheka sana. "Tuko watu wanne, chumba kimoja. Si nikibadilisha kitu nitawaambia tu?" Mkubwa wetu, Bwana Salesio, akamuunga mkono, kwa hivyo Mama Akai ndiye aliyebaki akiliandika daftari, akituuliza mmoja mmoja. Maandishi yake ya 1979 bado yapo: "Bwana Salesio amemwaga chai juu ya Garba Tula. Doa hili si ziwa."

Halafu ukaja ukame wa 1984. Jarso alirudi kutoka njia ya Korbesa akatia alama kwenye ramani yake kwamba kisima kimoja huko kimebomoka. Wiki hiyohiyo mimi ninayeandika haya nilichora ramani mpya kutoka nakala ya zamani iliyokuwa mezani kwangu. Sikuuliza mtu. Ramani yangu ndiyo iliyotumwa, na juu yake kisima kile kilikuwa kizima. Familia tisa za Gotu zikaambiwa zihamie huko na ng'ombe wao, mwendo wa siku tatu.

Mama Akai alipopokea nakala yangu ya kuweka kabatini, alifungua daftari, akatoa ramani ya Jarso na kuzilinganisha. Alama haikuwepo kwenye yangu. Familia zilikuwa zimeondoka asubuhi hiyo. Alikimbia mwenyewe hadi kwa dereva wetu, Gollo, nasi hatukuwahi kumwona akikimbia.

Gollo aliwapata alasiri, maji waliyobeba yakiwa ya kuwafikisha kisimani tu. Mzee Tache, aliyewaongoza, aliuliza kisima kimekufa lini. "Zamani, mzee," Gollo akamjibu. "Ni ramani ndiyo haikuwa na habari." Mzee akacheka, wakageuza ng'ombe. Hakuna aliyepotea.

Jumatatu Jarso alikuwa wa kwanza kutia sahihi kwenye daftari. Bwana Salesio akaandika amri: hata watu wawili wakifanya kazi meza moja, daftari lazima. Yeye mwenyewe aliwahi kunyimwa ramani hadi alipotafuta kalamu.

Siku ile ya Gotu, ofisi nzima iliuliza kosa ni la nani. Mama Akai alisema, "Ni la sisi wote," kisha akaniwekea kikombe cha chai. Niliinywa bila kumshukuru. Leo nasema: asante, Mama. Ufike Ngaremara salama, upumzike vizuri, wajukuu wakuzunguke, na maisha yako yawe mema.

Dima, mchoraji