Sauti ya Zuberi kwa Umeme wa Tshopo

Kijiwe chetu kipo kwenye kona ya mtaa wetu, komini ya Tshopo, pale barabara ya udongo inapoanza kuteremka kwenda kwenye barrage, bwawa la umeme. Benchi ni gogo la reli lililovushwa mto kwa pirogi, yaani mtumbwi, kutoka Lubunga ng'ambo, hakuna anayekumbuka na nani, limelazwa juu ya rimu mbili za lori. Mama Adèle huweka termosi zake za kahawa kwenye kivuli cha saluni ya jirani, na sukari huipima yeye mwenyewe, kwa sababu anatujua. Mwisho mmoja wa benchi hukaa Lambert, tunayemwita Sous-Préfet. Hajawahi kutawala chochote isipokuwa stoo ya kiwanda kilichofungwa, ila hasemi, hutangaza. Mwisho wa pili hukaa Aboubakar, fundi wa baiskeli za toleka zinazobeba abiria mjini, naye tunamwita Pedali. Kati yao, kwenye kiti chake cha kukunja, hukaa Lukumani, ambaye hata mke wake sasa anamwita Sindano. Yeye huokota turnedisiki zilizotupwa, zile mashine za kupigia santuri, na kuzirudishia sauti. Mimi hukaa popote palipobaki na kunywa polepole.

Mashine ya siku hiyo Sindano aliitoa nyuma ya nyumba moja ya mtaa wa Mangobo, ambako kuku alikuwa ameigeuza kiota. Wenyewe walimwambia aichukue bure, ila kuku kwanza. Akangoja mpaka vifaranga walipoanguliwa. Hafungui mashine yoyote kabla hajauliza nani alikuwa akiiwasha. Anasema turnedisiki haitupwi kwa sababu imeharibika, inatupwa kwa sababu aliyekuwa akiiwasha hayupo tena. Sasa ilikaa juu ya kasha la mbao mbele yetu. Mota ilikuwa imeunganishwa na waya wa saluni, na spika ilikula batri ya pikipiki, maana umeme wetu ukipanda ghafla huunguza spika. Kwenye sahani ililala santuri moja ndogo ya Orchestre Mbisi-Moto, na mwimbaji wake alikuwa Zuberi. Zuberi alishuka mto na bato, meli ya mtoni, kwenda Kinshasa wakati mke wake, Nyota, ana mimba, na mto haukumrudisha. Nyota alifariki msimu wa mvua uliopita. Binti yao Nasra, muuza samaki wa Lubunga, aliichukua santuri chini ya godoro la mama yake, akamtumia Sindano. Hajawahi kumsikia baba yake. Alasiri hiyo alikuwa anavuka mto kuja kumsikia.

— Weka tena, Sindano, alisema Pedali. Kidogo tu.

— Hapana. Kila mara sindano inapita, inakula kidogo. Hii iko ya mutoto wake, haiko ya weye.

— Mais uliweka mara moja, sisi wote tulisikia. Ile haiko Zuberi.

Sous-Préfet aligeuka kama mtu aliyeitwa mahakamani.

— Comment, haiko Zuberi? Jina yake iko juu ya santuri.

— Jina iko ya Zuberi. Sauti iko ya mutoto wa kwaya. Zuberi miye nilimuchezaka, nyimbo zake, pale bar ya beach, kwa bandari, na bibi yangu wa kwanza. Sauti yake ilikuwa nzito kama pirogi ya muhogo. Akisema «mama», tumbo inatetemeka.

— Tumbo yako ilikuwa inatetemeka juu ya ile pombe ya lotoko.

— Lotoko ilikuwa zamani. Mungu alishafunga macho.

— Na masikio pia alifunga, ndiyo maana unasema ovyo.

— Sindano, toa utepe kidogo. Ninakuomba.

Utepe huo ndio uliokuwa kiini cha ugomvi wote. Kichwa cha mota kilikuwa kimelika, na Sindano alikizungushia utepe mwembamba ili kukirudishia unene. Ukiongeza utepe, sahani hukimbia na mwimbaji huwa kijana. Ukiupunguza, sahani husinzia na mwimbaji huzeeka. Kwa hiyo umri wa Zuberi ulikuwa kwenye ncha ya kidole cha Sindano, na kila mtu benchini alikuwa na umri aliomtakia.

— Tulihesabu na saa, alisema Sindano. Niliweka kipande ya karatasi juu ya sahani, Sous-Préfet akaangalia telefone. Inazunguka juste.

— Saa iko juste, alisema Pedali. Mutu njo haiko juste. Haraka haraka haina baraka.

— Ile wanaisemaka juu ya ndoa, alisema Mama Adèle akimmiminia. Na weye uliowa mara tatu.

— Njo nasema ninajua.

Sous-Préfet aliinua kikombe chake, ishara kwamba tangazo linakuja.

— Bon. Saa haina kosa. Tuseme, kwa heshima ya kijiwe, hata Pedali hana kosa. Donc kosa iko fasi ingine. Iko siku ile ya kurekodi.

— Siku ya kurekodi ilikuwa na nini? aliuliza Pedali.

— Maji! Ilikuwa saison ya maji kidogo. Kwa chutes, kwa maporomoko, mawe yalikuwa yanatoka kama meno. Barrage ikatoa courant, umeme ya kulegea. Mashine ya kurekodi ikazunguka na usingizi. Alors leo, santuri inazunguka sawa, na sauti inakimbia. Ni hesabu tu.

— Ulikuwa pale, Sous-Préfet?

— Hapana. Mais courant ilikuwa pale. Maji yakimwagika hayazoleki, njo maana walijenga barrage.

Hakuna aliyeikosoa methali hiyo. Pedali alikuwa ameiacha kahawa yake ipoe, jambo ambalo si kawaida yake.

— Basi tungoje maji ipunguke tena, alisema. Siku courant italegea kama siku ile, santuri itakutana na mto yake, na Zuberi atatoka vile alikuwa.

Nilitaka kucheka. Badala yake nilijikuta nimetega sikio upande wa maporomoko, ambayo tumezoea kutoyasikia.

— Mto haina kosa, alisema Mama Adèle. Mulaumu moshi. Ile santuri ililala Lubunga, ndani ya nyumba ya kukausha samaki. Mbisi ikipata moshi inafanya nini? Inapunguka. Sauti pia inakauka, inakuwa kidogo.

— Donc tuiloweshe?

— Maji ya vuguvugu. Kama makayabo.

— Mama Adèle! Baba ya mutu haiko samaki ya chumvi!

— Nani alisema baba? Nilisema santuri.

Walicheka, na mimi pia, mpaka mnyoaji wa saluni akachungulia nje na mashine yake ikiunguruma mkononi. Pedali peke yake hakucheka. Alikuwa akilitazama duara jeusi juu ya sahani.

— Moshi ni kitu gani, alisema taratibu. Mwanamuke analala juu ya kitu miaka yote ile. Usiku analia kidogo, kidogo tu, juu watoto ya jirani wasisikie. Munafikiri kitu haisikie? Haikuwa santuri inamuimbia Nyota, Nyota njo alikuwa anaiimbia. Mpaka sauti ya mwanaume imepanda, imefanana na ya bibi yake. Ile tulisikia leo haiko Zuberi peke yake. Nyota iko ndani.

Mama Adèle alifunga kizibo cha termosi bila sauti.

— Ile haiko science, alisema Sous-Préfet, lakini hakutangaza. Alisema tu.

— Sikusema science.

Sindano ndiye aliyeturudisha.

— Na mutoto akifika, tumupe gani? Ya saa? Ya Pedali? Ya samaki?

— Umupe ya kweli, alisema Pedali.

— Njo nauliza, ya kweli ni gani. Ile ya kwanza atasikia, itabaki kwa kichwa yake. Nikimupa ya uongo, ataenda kulala na baba ya uongo. Hata nikirekebisha kesho, itakuwa tayari.

Alinyofoa utepe kwa ukucha, akautazama, akaurudisha. Akaunyofoa tena. Nimemwona Sindano akiunganisha nyaya nyembamba kuliko unywele huku soko zima linampigia kelele, na harudii kazi mara mbili. Siku hiyo aliurudisha utepe mara ya pili, na ukucha ukabaki pale pale.

Nasra alifika akitembea haraka, upindo wa kitenge chake bado una maji ya mto. Alikuwa mwanamke mzima, mwenye mikono mipana ya wauza samaki, na chini ya kwapa alibana viatu ambavyo hakutaka vilowe.

— Asalam aleko, ba papa. Jambo, Mama Adèle.

— Aleko salam, mutoto ya Zuberi, alisema Pedali.

Nasra alimtazama kama mtu aliyepewa nguo mpya na hajui kama ni ya kwake.

— Hakuna mutu aliniita vile, alisema.

— Kahawa, mama?

— Nitakunywa kisha. Pirogi ya mwisho haingoji mutu.

Sous-Préfet alisimama.

— Mama, mbele ya kusikia, lazima ujue ile siku, kwa barrage, maji ilikuwa…

— Tonton, pardon. Musiniambie kitu. Niache nisikie.

Sous-Préfet akaketi. Sindano alimuuliza swali lake la siku zote.

— Kwenu, nani alikuwa anaipiga?

— Hakuna. Hatukuwa na mashine. Mama alikuwa anaitoa siku ya Idi, anaipangusa na kitenge, anairudisha. Nilikuwa namuuliza sauti ya papa ilikuwa namna gani. Ananijibu: «Utasikia.» Kila mwaka, «utasikia».

Pedali aliinamisha kichwa. Sindano alitutazama mmoja mmoja, kama anayeomba ruhusa au anayeomba asamehewe, kisha akaacha utepe ulivyokuwa, kwa kipimo cha saa. Akawasha. Akashusha mkono wa sindano kwa vidole viwili.

Kwanza ilikuja mikwaruzo tu, kama mafuta yanayoanza kupata moto. Kisha gitaa, jembamba, likitembea peke yake. Kisha yeye.

«Usizime taa, Nyota, bato iko kwa kona…»

Nasra hakulia. Aliweka kiganja juu ya kasha la mbao, pale mtetemo unapopita, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Jina la mama yake lilikuja tena katika ubeti wa pili, na safari hii midomo yake ililitamka pamoja. Ilikuwa sauti ya juu, safi, ya kijana asiyejua bado kwamba kona ya mto inaweza kuwa ndefu. Nilimtazama Pedali. Alikuwa amefumba macho na anatikisa kichwa, hapana, hapana, lakini mguu wake ulikuwa unacheza.

«Usizime taa, Nyota…»

Ndani ya saluni mashine ya kunyolea ikanyamaza katikati ya kichwa cha mtu. Mteja akapiga yowe: «Eeeh! Nusu tu!» Umeme ulikuwa umeondoka.

Lakini sahani ya zamani ni nzito, na kitu kizito hakisimami mara moja. Iliendelea kuzunguka bila mota, ikipungua, na spika, ambayo ilikula batri yake bila kujua kilichotokea, iliendelea kuimba. Zuberi akaanza kushuka. Akawa mwanaume wa makamo, mwenye sauti nzito kama pirogi ya muhogo, na Pedali akafumbua macho, akainua kidole, njo ile, njo ile, ndiyo yenyewe! Kabla kidole hakijafika juu, sauti ilishapita hapo. Ikawa ya baba wa watu wazima. Ikawa ya mzee anayesema polepole mlangoni, mzee ambaye labda Zuberi aliwahi kuwa mahali fulani mto unakoteremkia, labda hakuwahi. Neno «taa» lilichukua muda mrefu kuisha. Kisha likabaki guno moja la chini, zaidi kwenye mbao kuliko kwenye hewa, na karatasi ndogo ya Sindano ikasimama upande wa mto.

Kwa mbali maporomoko yakasikika.

Nasra hakuondoa kiganja.

— Ba papa, alisema. Nimesikia zote. Kati ya zile, yake ilikuwa gani?

Sous-Préfet alimtazama Pedali. Pedali, aliyemcheza Zuberi kwa tumbo na kwa miguu, aliinua kidole tena, na niliona jinsi anavyotafuta, akirudi nyuma mpaka bar ya beach, mpaka kwa bibi wa kwanza, akigeuza kila kitu. Akashusha kidole. Mama Adèle alichukua termosi ili ammiminie mtu chochote, akaikung’uta, haikuwa na kitu. Sindano aliinua mkono wa mashine kutoka kwenye santuri, taratibu, ili sindano isile hata kidogo.

— Pirogi itakuacha, mama, alisema mwishowe Pedali.

— Itaniacha.

— Courant inaweza kurudi usiku. Inaweza pia isirudi.

— Mama yangu alingoja, alisema Nasra, na akaviweka viatu vyake chini, kimoja pembeni ya kingine.

Pedali, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kumpisha mtu kwenye benchi hili, alisogea. Sous-Préfet naye akasogea. Palipatikana nafasi kubwa kuliko nilivyodhani.