Mikono Iliyozoea Mashada

Basi zima lilikuwa limemwona msichana amepakata maua ya karatasi, macho mazito kwa usingizi. Kazi yake ni kufunga mashada ya misiba, na maua haya ameyatengeneza mwenyewe kwa sababu ya dukani bei yake haishikiki.

"Mwanangu, kafariki nani?" akauliza mama mmoja mnene aliyekaa naye.

"Hakuna, mama. Naolewa kesho."

Yule mama akayatazama tena: yamekaa duara, yamebanwa kwa waya. "Hili ni shada, usinidanganye. Mama mkwe wako akiliona ataangua kilio. Fumua."

"Nimeshafumua, nikafunga upya. Mikono inarudi kulekule."

"Basi mpe mwenzako kazini akufungie."

"Mwenzangu naye anafunga mashada, mama."

Abiria wa nyuma akacheka, akajifanya anakohoa.

"Fumua tu. Utaingiaje ukumbini na kaburi mkononi?"

"Nitaingia nimetabasamu."

"Hawatakutazama meno."

Basi likasimama. Alipofika mlangoni, konda alimpisha, akavua kofia. "Pole sana, dada."

Bibi harusi hakuwa na nguvu ya kueleza tena. "Nimeshapoa," akasema, akashuka na maua yake.