Vidole Vitatu

Funga mlango, Gerard, uje ukae karibu na dada yako, maana pumzi niliyobaki nayo inatosha kusema haya mara moja tu. Colleen, zima hiyo simu. Najua anayepiga ni daktari wa timu, na najua unachotaka akwambie: kwamba kipa wako aliyeumia kichwa anaweza kudaka kesho kwenye fainali.

Nyumba hii ni yenu wawili. Gerard aendelee kukaa ndani, kwa kuwa ndiye aliyeniogesha miaka hii miwili, ingawa mikono yake mizito kama ya fundi bomba. Filimbi yangu ya ukocha ni yako, Colleen, lakini ina habari yake, na huwezi kuichukua bila hiyo habari.

Mlikuwa wadogo mwaka ule chuo chetu kilipochukua ubingwa. Dennis Pavlik, beki wangu, aligongana vichwa na mtu kipindi cha kwanza, nikamtoa. Kanuni za vyuo zinaruhusu aliyetolewa arudi, na ile saa ya uwanjani inayohesabu kurudi nyuma ilikuwa imebakiza dakika kumi na moja, hatujafunga. Nikamwinulia vidole, kupima kama kichwa kimetulia.

"Vingapi?"

"Vitatu, Kocha."

Nikampiga begani, nikamrudisha. Akaupiga kichwa mpira wa kona, ukaingia, akaanguka. Na aliyeinuka pale hakuwa Dennis yule.

Hayo mji mzima wa St. Louis unayajua. Ambacho mji haukijui ni kwamba siku zote niliinua vidole vitatu. Miaka kumi na minne, mchezaji yeyote, vitatu. Wakongwe waliwafundisha wageni jibu siku ya kwanza ya mazoezi, nami nililijua hilo. Kocha wangu mimi, nilipokuwa mchezaji, alikuwa akiinua viwili. Nikarudishwa uwanjani nikiwa sijui lango letu liko upande gani, na watu wakanishangilia. Dennis hakunidanganya. Tulikubaliana kimya kimya, mimi mtu mzima, yeye ana miaka ishirini.

Mpaka leo Gerard akinipeleka kwa Dennis, anakoishi na dada yake, kabla sijavua kofia ananiambia, "Vitatu, Kocha," kisha anatabasamu, anasubiri nimwingize.

Jana ulikaa hapo hapo, Colleen, ukasema, "Baba, kipa wangu Whitlock anasema yuko sawa, na bila yeye tumekwisha." Niliogopa, mwanangu, kwa sababu niliisikia sauti yangu. Mwache nje. Mkifungwa saba, fungweni saba. Wakubwa wa chuo watakununia, watakwambia baba yako asingefanya hivyo. Wajibu kwamba ni kweli, asingefanya.

Gerard, wanataka kuandika jina langu kwenye lango la uwanja. Nenda ukawakatalie. Wakiuliza sababu, waeleze habari ya vidole, dada yake Dennis akiwepo, wala usipunguze kitu kwa kunionea huruma. Nipe maji... kidogo. Inatosha.

Sina ugomvi na mtu. Mungu awalinde, wanangu, na awape usingizi... ule ambao mimi sikuupata. Ukifika kwa Dennis, Gerard, mpe kofia yangu. Ataijua.

Sasa, Colleen mama, washa simu. Mpigie daktari nikiwa bado nasikia... Mwambie hachezi. Kwa sauti, sikio hili limekufa...

Ndiyo. Hilo hilo. Rudia.