Mwindaji Aliyeutazama Ukuta

"Dada, huu mchezo unaniadhibu kwa kushinda!" fundi wa kuchomelea alilalamika kwenye treni, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na kelele za grenda. Alikuwa amemwona jirani yake wa kiti akicheza mchezo uleule anaoucheza yeye kwenye simu: mwindaji mmoja, watoro wanne, kila mmoja akiongozwa na mchezaji wake.

Nyuma yao muuguzi aliyetoka zamu, miguu ikimwaka moto, aliinamia simu yake akatega sikio.

"Nikishinda mara tatu tu, naletewa watoro walioshindikana, wananizungusha kama pia. Kwa hiyo siku hizi nafungwa makusudi. Mwindaji wangu anasimama tu anatazama ukuta, mpaka nishushwe kiwango nipate wanyonge."

Mwanamke alimgeukia mwili mzima. "Kumbe ni nyinyi! Mimi nina wiki mbili tu, nikaambiwa nitapangiwa wanaojifunza wenzangu. Jana akaja mwindaji aliyefungwa mara ishirini mfululizo, hata nikamwonea huruma. Katumaliza wote kabla sijajua kuruka dirisha!"

"Sasa kaka yako nipumzikie wapi?"

"Mgongoni kwangu? Mkuki kwa nguruwe, eh?"

"Walaumu walioutengeneza!"

"Wao ndio waliokusimamisha ukutani?"

Treni ilifunga breki. Muuguzi aliinuka upesi, akaibana simu kifuani wasiione. Kwenye skrini watoro wanne walikuwa wakimchezea ngoma mwindaji wake, aliyeukodolea ukuta macho tangu stesheni iliyopita. Zilikuwa zimebaki mechi mbili tu ashushwe.